Jedwali la Vienna, wagonjwa wa Bukavu

Hotuba iliyotolewa Bukavu katika Siku ya Afya ya Akili Duniani, mbele ya wanafunzi wa uuguzi, famasia na utabibu. Imeandikwa kutokana na sauti iliyorekodiwa. Vicheko na kukatika kwa umeme vimeondolewa.

Wakubwa kwa wadogo, jambo sana. Walimu wangu mliokaa mbele, madokta, wauguzi wenzangu wa zamu za usiku, wanafunzi, wachungaji na mapadri mlioitika mwaliko, karibuni. Waandalizi walinipa mada ndefu kuhusu sera za dawa za kulevya na namna zinavyogusa utafiti na tiba ya magonjwa ya akili. Mimi ni mfamasia. Kazi yangu ni kuhesabu vidonge na kugombana na wanaoandika vibaya. Kwa hiyo nitaanzia pale ninapokaa kila siku, kwenye kabati.

Mnalijua hilo kabati. Ni la chuma, lina kufuli mbili, ufunguo mmoja ninao mimi na wa pili anao daktari mkuu. Ndani yake mna mofini ikipatikana, mna petidini, zote mbili za maumivu makali, diazepamu ya sindano na fenobabitali ya kifafa. Pembeni pana rejista: tarehe, jina la mgonjwa, jina la aliyeandika, kiasi kilichotoka, kiasi kilichobaki, sahihi. Ampuli tupu inarudishwa nayo ihesabiwe, na ikivunjika sakafuni tunaokota vipande na kuandika ripoti. Sipingi hata mstari mmoja wa rejista hiyo. Mofini inayotoroka kabatini inaua mtu, na wakati mwingine inamuua mfanyakazi wa afya mwenyewe.

Sasa toka hospitalini, panda moto, yaani pikipiki, mwambie motari akushushe sokoni. Kwenye vibanda vya dawa utauziwa diazepamu na tramadoli kidonge kimoja kimoja, kilichokatwa na mkasi ili tarehe ya mwisho isionekane. Hakuna atakayekuuliza jina. Wakati huohuo kuna mama aliyeshuka kutoka Walungu na mtoto wa kifafa mgongoni, mtoto mwenye kovu la moto shavuni kwa sababu siku moja alianguka jikoni. Mama ana karatasi ya daktari, ina muhuri. Anafika dirishani kwangu na mimi namwambia fenobabitali imekwisha, kibali cha shehena mpya bado kiko Kinshasa, arudi mwezi ujao. Sheria ilitungwa kumzuia yule wa kibandani. Aliyezuiwa ni huyu wa karatasi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitajaribu kuonyesha lilivyoanza, kwa sababu kosa hilohilo ndilo lililofunga kwa miaka mingi utafiti wa dawa ambazo huenda zingewafaa watu waliopitia tuliyoyapitia sisi.

Kuna mikataba mitatu mikubwa ya Umoja wa Mataifa, ya 1961, 1971 na 1988, na Congo yetu ni mwanachama wa yote. Wa 1961 unahusu afyuni, koka, bangi na ndugu zao. Wa 1971, uliosainiwa Vienna, mji wa Austria ambako hadi leo Umoja wa Mataifa hupanga dawa hizi, unahusu dawa zinazogusa akili, na umezipanga katika majedwali manne. Jedwali la Nne ni jepesi: humo mna diazepamu na fenobabitali. Jedwali la Kwanza ndilo jela kuu: LSD, silosibini inayotoka kwenye uyoga, meskalini, na tangu 1986 MDMA, ile ambayo mitaani inaitwa ekstasi. Kuingia humo, dawa inatakiwa ionekane kuwa hatari kubwa kwa jamii na kuwa haina faida ya tiba, au inayo kidogo mno. Halafu soma ibara ya 7. Inasema dawa za jedwali hilo zipigwe marufuku kwa matumizi yote, isipokuwa ya kisayansi na ya tiba yenye mipaka myembamba sana, kwa watu wenye idhini, katika vituo vilivyo chini ya serikali moja kwa moja au vilivyokubaliwa nayo kwa jina.

Mwanafunzi mmoja ataniambia: basi mlango wa sayansi uko wazi, imeandikwa. Imeandikwa, ndiyo. Lakini angalia unavyofanya kazi. Dawa iko Jedwali la Kwanza kwa sababu haina tiba inayokubalika. Ili ikubalike kuwa na tiba, lazima ifanyiwe majaribio. Ili ifanyiwe majaribio, unahitaji leseni ya kuitunza, leseni ya kuiagiza, leseni ya mtengenezaji, kasiki, polisi waje kukagua kasiki, na kamati ya maadili ambayo wajumbe wake wanaogopa jina la dawa kabla hawajasoma ukurasa wa pili. Ni kumwambia kijana wa kisiwa cha Idjwi asikanyage ziwa mpaka ajue kuogelea.

Na si Afrika peke yake iliyobanwa hivyo. Uingereza, yenye fedha na maabara, Profesa David Nutt na wenzake wa Imperial College walipotaka kuwapa silosibini wagonjwa 12 wa sonona iliyokuwa imeshindikana, dozi moja iliwagharimu karibu pauni 1,500, kwa sababu ya masharti tu. Jaribio hilo lilichapishwa 2016. Huyu Nutt ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la kuishauri serikali yake kuhusu dawa za kulevya. Oktoba 2009 alifukuzwa na waziri baada ya kusema hadharani kwamba pombe na tumbaku zina madhara kuliko baadhi ya dawa zilizopigwa marufuku. Mwaka huo huo alikuwa ameandika kwamba kupanda farasi kunaumiza Waingereza kuliko kumeza ekstasi. Mimi ningemshauri ule mfano wa farasi auache. Lakini kumfukuza mtu si kuijibu hesabu yake.

Kabla ya hapo mambo yalikuwaje? Hapa nataka tukae kidogo, maana vijana wengi wanadhani LSD ilizaliwa mitaani na wahuni wa Marekani. Ilizaliwa maabara. Albert Hofmann aliitengeneza 1938 katika kampuni ya Sandoz, Basel, akiwa anatafuta dawa ya kuamsha pumzi na mzunguko wa damu, na 1943 akagundua inavyogeuza akili. Sandoz wakaipeleka kwa madaktari wa akili. Kule Saskatchewan, Canada, Humphry Osmond na wenzake wakaijaribu kwa walevi wa pombe waliokuwa wameshindikana. Hadi katikati ya miaka ya 1960 inahesabiwa kulikuwa na maandishi ya kitabibu zaidi ya 1,000 juu ya dawa za aina hiyo, yakihusu wagonjwa karibu 40,000. Mengi yalikuwa dhaifu, nisiwadanganye: hakuna kundi la kulinganisha, daktari mwenyewe anapima matokeo yake na kujipa sifa. Lakini utafiti dhaifu dawa yake ni utafiti bora. Badala yake dawa ilivuja ikaenda kwa vijana waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam, wakubwa wakashtuka, Sandoz wakaacha kuisambaza mwaka 1965, Rais Nixon akasaini sheria ya Marekani ya 1970, na mwaka uliofuata ukaja mkataba wa Vienna. Majokofu yakafungwa.

Mwaka 2012 watafiti wawili kutoka Norway waliyachimbua majaribio sita ya zamani, yenye mpangilio wa kutosha, ya LSD kwa walevi. Jumla watu 536. Waliopewa dozi moja ya dawa, asilimia 59 walipata nafuu katika ulevi. Waliokuwa kundi la kulinganisha, asilimia 38. Majaribio hayo sita yalifanyika kabla ya 1971. Yalikaa kwenye maktaba zaidi ya miaka 40 yakisubiri mtu wa kuyajumlisha, na katika muda huo wote hakuna aliyeyarudia ili tujue kama ni kweli au ni bahati. Huenda si kweli! Ndiyo hasara yenyewe: hatujui, na tungeweza kuwa tunajua tangu wazazi wenu hawajaoana.

Nani kati yenu amefanya mazoezi ya kazi katika wodi ya akili? Inueni mikono. Asante. Basi mniambie nani analeta wagonjwa wengi zaidi, bangi au kanyanga? Naona mnacheka. Kanyanga na lotoko, pombe zetu kali za kienyeji, hazimo katika jedwali lolote la Vienna.

Nije kwa MDMA, kwa sababu hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Kivu. Ilitengenezwa mara ya kwanza na kampuni ya Merck, Ujerumani, mwaka 1912. Mwaka uleule fenobabitali iliingia sokoni kama dawa, nayo kutoka Ujerumani. Mapacha, moja nasaini kila asubuhi, nyingine sijawahi kuiona. Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, madaktari na washauri kadhaa wa Marekani waliitumia MDMA kuwasaidia watu kuzungumza mambo yaliyokuwa yamewakaba kooni. Halafu ikaanza kuuzwa kwenye baa. Mwaka 1985 Marekani ikaipiga marufuku kwa dharura. Jaji wa utawala aliyesikiliza ushahidi alishauri iwekwe daraja la chini, ambapo daktari angeweza kuitumia. Wakala wa serikali wakakataa ushauri wake. Mwaka huo huo wa 1985 kamati ya wataalamu ya OMS, Shirika la Afya Duniani, ilipendekeza iingie Jedwali la Kwanza, lakini ikaandika papo hapo kwamba nchi zisaidie utafiti wake uendelee. Mwenyekiti wa kamati hiyo, Paul Grof, hakukubaliana na wenzake kuhusu kuifungia. Nchi zilichukua nusu ya kwanza ya sentensi.

Kazi ya kuirudisha ilichukua miongo mitatu na fedha za michango, kwani hakuna kampuni kubwa inayotaka dawa isiyo na hataza. Mwaka 2021 likachapishwa jaribio la hatua ya tatu kwa watu wenye ugonjwa wa kiwewe, wakiwemo waliobakwa na waliotoka vitani. Baada ya vikao vitatu, asilimia 67 ya waliopewa MDMA hawakuwa tena na ugonjwa huo kwa vipimo vya wataalamu. Waliopewa kidonge tupu, asilimia 32. Jaribio la pili, 2023: asilimia 71 kwa 48. Australia ikafungua mlango Julai 2023, madaktari wa akili wenye idhini wakaruhusiwa kuiandika kwa kiwewe, na silosibini kwa sonona sugu. Marekani ikakataa, Agosti 2024.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana nimekuja kuisema sheria lakini sikuja kumpigia debe mtu. Sababu za Marekani kukataa hazikuwa za kipuuzi. Mgonjwa aliyemeza MDMA anajua kabisa kwamba ameimeza, kwa hiyo matumaini yake yanaingia kwenye matokeo. Baadhi ya madhara hayakurekodiwa ipasavyo. Na katika jaribio la awali, washauri walivuka mipaka ya heshima na mgonjwa aliyekuwa mikononi mwao, akiwa amelegezwa na dawa. Sisi wa mkoa huu tunajua maana ya jambo hilo kuliko watu wengi duniani. Dawa inayomfungua mtu moyo inamfungua pia kwa mtu mbaya.

Kisha tazama ile namba nyingine, asilimia 48. Hao hawakupata dawa yoyote. Walipata saa nyingi za kusikilizwa na washauri wawili wawili, na karibu nusu yao wakapona kwa vipimo vilevile. Hili linatakiwa litukumbushe utafiti uliofanyika hapahapa, Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, ukachapishwa 2013 katika jarida kubwa la Marekani. Vijiji 16, wanawake waliotendewa ukatili wa kingono. Baadhi ya vijiji walipewa tiba ya mazungumzo ya kikundi yenye mpangilio, vingine ushauri wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Waliowaongoza walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa kwetu, wengine hawajafika chuo kikuu. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa katika vikundi walikuwa asilimia 9, na katika ushauri wa kawaida asilimia 42. Nimesikia kwenye mikutano mingi kwamba Afrika haina uwezo wa kufanya majaribio magumu ya afya ya akili. Yamefanyika kwenye migomba yetu, wakati wa vita.

Kwa hiyo swali la MDMA kwetu lina miguu miwili. Mguu mmoja ni wa sheria. Wa pili ni watu: itifaki ile inadai washauri wawili wakae na mgonjwa mmoja saa nane, mara tatu, mbali na vikao vya maandalizi. Hesabu wataalamu wa akili mnaowajua katika mkoa mzima, mnaweza kutumia vidole. Hata Vienna wakifungua jela kesho asubuhi, hatutakuwa na wa kuketi kwenye viti.

Naingia kwenye dawa ninayoipenda. Ndiyo, mfamasia ana dawa anayoipenda. Ketamini.

Mmeiona: chupa ndogo ya mililita 10, kila mililita ina miligramu 50. Shabunda, Mwenga, vilimani kule, mama anapasuliwa kwa ketamini. Haizimi pumzi kama dawa nyingine za usingizi, haihitaji mashine, na umeme ukikatika katikati ya upasuaji daktari anaendelea kwa tochi ya simu. Ilitengenezwa Marekani 1962, ikakubaliwa 1970, ikaingia orodha ya dawa muhimu ya OMS mwaka 1985. Na inageuza akili. Muulize mama yeyote aliyeamka nayo, atakuambia aliruka juu ya ziwa, au aliongea na marehemu baba yake. Kwa namna inavyomfanya mtu, iko jirani sana na zile zilizofungiwa. Mitaani pia inatumika, na anayeizoea inamharibu kibofu.

Tofauti ni moja: ketamini haikuwekwa katika majedwali ya kimataifa. Bahati tu, madaktari wa upasuaji waliiwahi kabla ya vijana. Sasa ona kilichotokea. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa wagonjwa saba wa sonona kiasi kidogo, nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, ikidondoka kwa dakika 40. Wakapata nafuu ndani ya siku tatu, wakati dawa za kawaida za sonona hudai wiki kadhaa. Mwaka 2006 jaribio jingine la wagonjwa 18 likaonyesha nafuu ndani ya saa mbili. Watafiti wakaifuata kila mahali, kwa kuwa ipo kwenye kila hospitali na hakuna wa kuomba kibali maalumu. Mwaka 2019 ndugu yake wa kupuliza puani akakubaliwa Marekani kwa sonona sugu. Tangu wagonjwa saba mpaka dawa rasmi, chini ya miaka 20. Silosibini ilianza kutumiwa na madaktari mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo, katika nchi nyingi, bado iko kwenye majaribio. Mtu akikuuliza sera ya dawa inafanya nini kwa utafiti wa akili, mpe hizo mbili aziweke mezani, moja nje ya jedwali, nyingine ndani.

Na nusura tuipoteze. Mwaka 2015 China iliomba ketamini iingizwe kwenye majedwali ya mkataba wa 1971. Mwanzoni waliomba Jedwali la Kwanza kabisa! China hawakusema uongo, vijana wao walikuwa wanaumia. Ila fikiria daktari wa Shabunda akiambiwa ketamini ni kwa matumizi ya kisayansi tu, katika kituo kilichokubaliwa kwa jina. OMS ilikataa, mashirika ya madaktari wa usingizi yakapiga kelele, na kura ikaahirishwa. Tramadoli nayo ilipimwa 2018, na wataalamu wa OMS wakaamua isiwekwe kwenye majedwali, kwa sababu walijua nchi maskini zikibanwa hazitabaki na dawa nyingine ya maumivu. Niliwasema wauza vibanda mwanzoni, na bado nawasema. Lakini nisingependa dawa yao ipande Vienna, maana ikipanda, wao wataendelea kuuza na mimi nitabaki na kabati tupu.

Nirudi kwenye fenobabitali, maana mama wa Walungu bado anasubiri dirishani. Ni dawa ya bei nafuu kupita zote za kifafa, kidonge kinamezwa mara moja usiku, na OMS wanaipendekeza kwa nchi kama yetu. Iko Jedwali la Nne, lile jepesi. Wepesi wake unaishia kwenye karatasi: kuiagiza kunahitaji kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya Kinshasa, nchi inayouza inaweza kudai vibali vyake, na muuzaji wa jumla akitazama faida ya kidonge cha franga chache anaamua kuleta parasetamoli. Ikikatika ghafla, mgonjwa harudi tu pale alipokuwa. Anaweza kuingia katika degedege lisilokoma, akafa siku hiyo hiyo. Wachungaji, hapa naomba niwe wazi kwa heshima yote: waumini wanawafuata kwenye vyumba vya maombi, na mimi sina neno na maombi. Msimwambie mtu aache kidonge kama ushahidi wa imani. Aombewe akiwa amemeza.

Mofini ina hadithi ileile, kubwa zaidi. Kila nchi hupeleka Vienna makadirio ya kiasi itakachohitaji mwakani. Nchi nyingi hukadiria kwa kutazama zilichotumia mwaka jana. Ulichotumia mwaka jana ni kidogo kwa sababu hukuwa nacho, basi unaomba kidogo, unapata kidogo, na mwakani unaandika tena kidogo. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Na huo mkataba wa 1961, kwenye utangulizi wake, unasema dawa hizi ni za lazima kwa kupunguza maumivu na zipatikane kwa kutosha. Wanaousoma wanarukia vifungu vya adhabu.

Majirani zetu wamefanya vingine bila kujitoa katika mkataba wowote. Uganda wananunua mofini ya unga, wanaichanganya na maji, wanaitia kwenye chupa, na tangu 2004 sheria yao inamruhusu muuguzi aliyefunzwa kuiandika. Tanzania walifungua kliniki ya metadoni Muhimbili mwaka 2011 kwa waliotekwa na heroini. Metadoni iko kwenye jedwali la kwanza la mkataba wa 1961, pamoja na mofini, na bado mtu anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi kila asubuhi na kwenda kazini. Anayewaambia kwamba mikono yetu imefungwa na Vienna aulizwe kwanza Kampala walifunguliwaje.

Bangi nitaigusa kwa haraka, najua mnaisubiri. Mwaka 1987 Wasweden walichapisha ufuatiliaji wa vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini: waliovuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Tafiti zilizofuata zimepunguza namba lakini hazikufuta uhusiano. Kijana wa miaka 16 anayeisikia sauti ya jirani ukutani aiache, hapo sina siasa. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, uliiondoa bangi katika orodha ya dawa zisizo na faida ya tiba, na kutoka mmea huohuo imepatikana dawa ya kifafa kikali cha watoto. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Ninachokataa ni kijana huyo kupelekwa kwa polisi kabla ya kuletwa kwetu. Akishapigwa na kulala mahabusu, akifika wodini hatuwezi kujua ni bangi, ni kiwewe, au ni kichwa kilichogonga sakafu.

Wanafunzi, mtaniuliza mfanye nini ninyi msio na kiti Vienna wala Kinshasa. Andikeni wagonjwa. Kila kituo cha afya kiandike kila mwenye kifafa aliyefika, awe amepata dawa au amekosa, hasa aliyekosa. Rejista yangu inaonyesha vidonge vilivyotoka tu. Mama aliyerudishwa hana mstari. Makadirio ya nchi yanajengwa na mistari hiyo, na asiye na mstari hahesabiwi. Mnaosomea uuguzi, daini kufundishwa kuandika fenobabitali na kufuatilia mgonjwa, ili asilazimike kushuka Bukavu kila mwezi. Na mtakaokaa kwenye kamati za maadili, someni mpaka ukurasa wa pili.

Nimeletewa karatasi hapa, nitaisoma kabla ya kukaa. "Mama mfamasia, kama kesho kibali kinatolewa, utaomba nini kwanza: MDMA, silosibini au ketamini?"

Nitaomba fenobabitali ya miezi 12, iwe imeshuka ghalani. Baada ya hapo ketamini, maana tayari tunayo na wauguzi wetu wa usingizi wanaijua kuliko maprofesa wengi. Jaribio dogo: watu wazima wenye sonona ambao dawa mbili zimewashinda, tumewaondoa wenye dalili za kuchanganyikiwa na wenye presha ya juu, kitanda kimoja, kipima presha, muuguzi mmoja asiyeondoka kwa saa mbili, na mtu wa familia wa kumrudisha nyumbani kwa sababu hatapanda moto peke yake. Nusu yao wapate ketamini, nusu wapate diazepamu kidogo ili nao wahisi kitu na wasijue wamepewa ipi. Tuandike kila kitu, hata kama matokeo yatakuwa ya kutuaibisha. Hizo mbili nyingine ningezisubirisha mpaka tuwe na watu wa kukaa saa nane. Swali linalofuata, dada wa nyuma pale mwenye kitambaa cha njano.